Alinipokea Bandarini, Akaniandikisha Mke Wake

Nina miaka thelathini na minne. Nimeachika, nina binti mmoja, na ninauza viungo sokoni hapa Morogoro mjini: mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, vyote kutoka kwetu Kinole. Haya ninayoyaandika yamekaa tumboni mwangu mpaka yameoza. Leo nayatapika. Atakayeniona mchafu na anione.

Wanawake wa Kinole tuna kikundi chetu cha viungo. Katibu wetu alikuwa Zuhura, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Hata watoto wetu tumewalea pamoja. Siku moja akaniletea habari kwamba kuna bwana mmoja wa Unguja, nitamwita Fadhili, anayepeleka viungo kwenye hoteli za watalii. Alikuwa anatafuta mwanamke mzoefu akawafundishe watu wake kukausha mdalasini kama tunavyokausha sisi. Zuhura mwenyewe alishawahi kwenda kwake.

"Nenda, shoga yangu. Yule ni kaka kabisa, mtu wa dini," aliniambia huku akipanga maganda ya mdalasini, bila kunitazama usoni.

Nilizungumza na huyo Fadhili kwa simu mara kadhaa. Sauti ya upole, salamu ndefu, kila neno inshallah. Alimjulia hali hata mama yangu! Nilipomuuliza nitalala wapi, akasema nitafikia kwa dada yake, mjane mwenye watoto. Nikaridhika.

Nilijua mama angekataa nisafiri peke yangu. Basi nikamdanganya. Nilimwambia tunakwenda wanawake wanne wa kikundi. Akanibariki, akanifungia magimbi ya njiani. Sikumwachia mtu yeyote jina la mahali ninakokwenda... Ningeliachaje, na mimi mwenyewe nilikuwa silijui?

Nilishuka bandarini Unguja saa tano asubuhi. Fadhili alikuwa ananisubiri: mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, kofia safi, na manukato makali yanayong'ang'ania kooni. Akanipokea begi. Akaniomba kitambulisho, eti cha kuniandikisha. Akaniomba na simu, eti akaniwekee vocha. Nikampa vyote.

Mtauliza, nilikuwa nimelogwa? Hapana! Nilikuwa na adabu tu. Wanawake tumefundishwa adabu mpaka inatuponza.

Tulikwenda mbali kwa gari, tukaacha mji nyuma. Njiani akasema dada yake kapata msiba ghafla, kwa hiyo nitapumzika kwanza kwenye nyumba ya wageni. Ilikuwa nyumba ndogo, kimya, kama haina wageni wengine. Mwanamume wa mapokezi akanichekea. "Karibu, bi harusi!"

Na mimi nikacheka... Nilidhani ndio ukarimu wa visiwani.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, na juu ya shuka kulikuwa kumemwagwa asumini. Maua! Nikageuka kumuuliza Fadhili hiki chumba ni cha nani. Nilikuta ameshafunga mlango na ufunguo ameutia mfukoni mwa kanzu. Akakaa kitandani, akatoa kijiti, akaanza kuchokonoa meno taratibu kama mtu aliyetoka kula pilau. Alipomaliza akavuta pindo la kanga yangu, akafutia vidole vyake.

Pindo la kanga yangu, wasomaji wenzangu!

"Usijitie hujui," akasema. "Wewe mtu mzima. Mwenzako hakusumbua hivi."

Mwenzangu? Mwenzangu nani? Sikupata muda wa kufikiri. Aliponikamata nilimng'ata mkono, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Yule wa mapokezi akaja, akagonga, akauliza kuna nini. Fadhili akamjibu kwa sauti ile ile ya upole, "Mke wangu huyu. Hasira za safari tu."

Nikasikia kandambili zikirudi zilikotoka, bila haraka.

Mnajua kinachonichefua mpaka leo? Si meno yake wala mikono yake. Ni zile kandambili! Mtu kasikia mwanamke analia, kaambiwa neno "mke", karidhika, kaenda zake.

Nilijichomoa, nikakimbilia bafuni, nikatia komeo. Alipiga mlango, akabembeleza, kisha akacheka. Mwishowe akasema anakwenda kuswali Alasiri, na akirudi anikute nimepata akili. Alikwenda kuswali! Alinifungia kwa nje, akaenda kumsujudia Mungu, na alama za meno yangu ziko mkononi mwake. Nilitapika palepale sakafuni.

Bafuni kulikuwa na kidirisha cha juu. Nilipanda kwenye ndoo nikamwona mama mmoja mtu mzima anaanika mashuka uani. Nikamwita. Akasogea, akanitazama kwa makini.

"Mwanangu, huyo mumeo?"

"Si mume wangu, mama! Nimekutana naye leo bandarini. Nisaidie!"

Hakuuliza la pili. Aliitwa Bi Salma, na ndiye aliyekuwa akisafisha vyumba, hivyo alikuwa na ufunguo wa akiba. Alinifungulia, akanifunika kwa shuka bichi alilokuwa nalo, akanipitisha jikoni, tukaenda mpaka kwa sheha, kiongozi wao wa pale.

Kwa sheha kulikuwa na wazee wamekaa barazani. Mmoja akanitazama juu mpaka chini, akauliza mwanamke kutoka bara hadi huku, peke yake, kafuata nini. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Salma ndiye aliyemjibu.

"Kafuata kazi! Na wewe ulipokwenda bara kutafuta kazi, ulifuatana na mama'ako?"

Yule mzee akainamisha kichwa. Sheha akatuma watu. Fadhili walikuta ametoweka, lakini kitambulisho na simu yangu vilikuwa mapokezi. Kwenye daftari la wageni, mbele ya jina langu, palikuwa pameandikwa "mke".

Sheha alinisihi niende polisi. Nikakataa. Niliwaza mama yangu, soko, watu wa Kinole... Watasema nini? Nililala kwa Bi Salma, asubuhi nikapanda boti ya kwanza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Zuhura. Aliponiona hakushtuka. Hakuuliza kulikoni. Aliuliza, "Alikukalisha siku ngapi?"

Nikaelewa, na mengine akanisimulia mwenyewe. Yule mtu alimfanyia Zuhura unyama huo kabla yangu, akampiga picha. Akamwambia atazifuta akimpelekea mwanamke mwingine. Na Zuhura akanichagua mimi! Alilia, akanishika miguu. Nilimwonea huruma na kinyaa kwa pamoja, na kinyaa kikashinda. Niliondoka bila kumjibu.

Laiti mkasa wangu ungeishia hapo, nisingekuwa na haja ya kuandika. Ungekuwa mkasa wa mtu aliyeonewa tu.

Mama aliponiuliza habari za safari nikasema nzuri. Nikajitoa kwenye kikundi kimyakimya. Sokoni jirani yangu alikuwa Paskalina, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka vijiji vya juu milimani, muuza karoti na kabichi. Mcheshi, mcha Mungu, ananiita dada. Baada ya miezi miwili akanijia anameremeta.

"Dada Mwajuma, na mimi naenda kisiwani! Dada Zuhura kanitafutia kazi ya kusambaza mboga hotelini."

Wateja walikuwa wamesimama mbele yangu. Mama mmoja alikuwa ananusa iliki. Nilifungua mdomo... Nikaona aibu. Nikasema, "Uwe mwangalifu, mdogo wangu." Basi. Nikaendelea kupima iliki.

Paskalina alirudi baada ya siku nne. Akapanga kabichi zake, akakaa nyuma ya meza bila kuita mteja hata mmoja. Nilimsogelea, nikamuuliza kama anaumwa. Akanitazama.

"Dada, ulikuwa unajua?"

Mnaelewa? Nilimchukia Fadhili, nikamchukia Zuhura, nikamlaani mwenye kandambili. Nami nilikuwa nani siku ile ya iliki?

Jioni hiyo nikamweleza mama kila kitu, na ule uongo wangu pia. Nilitegemea matusi. Alilia kidogo, akajifunga kanga, akasema, "Twende kwa huyo mtoto wa watu." Tulimbembeleza Paskalina, na kesho yake tukaenda naye polisi, dawati la jinsia. Zuhura alipoitwa alikana. Siku ya pili akaja mwenyewe na simu yake yenye vitisho vyote vya yule mtu. Fadhili alikamatwa huko huko Unguja. Bi Salma amekubali kutoa ushahidi, na wametokea wanawake wengine wa mikoa mingine. Kesi inaendelea, na ndiyo maana jina lake halisi sijaliandika hapa.

Paskalina amehamishia meza yake upande wa pili wa soko. Nikimsalimia anaitikia, basi.

Dada zangu, sisemi msisafiri. Nendeni visiwani, nendeni kokote riziki iliko, hata peke yenu. Lakini aliye nyumbani ajue uendako na jina la unayemfuata. Kitambulisho na simu visitoke mkononi mwako, hata akikuomba shekhe. Ukikuta ulichoahidiwa kimebadilishwa, geuka mchana huohuo, na adabu iache hapohapo.

Na ukipona, sema! Taja jina, taja mahali, taja alichokufanya. Aibu ile ilikuwa ya Fadhili. Mimi niliipokea, nikaibeba kama mali yangu, kisha nikamtwisha binti wa watu aliyeniita dada.