Kidonda cha Kidoti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alipiga pasi nguo ambazo mama yake, fundi cherehani, alikuwa amezishona. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini wateja walimsifu kwa kunyoosha kola.

Siku moja mteja alibisha hodi. Kidoti akaiacha pasi mezani, akaenda kufungua mlango. Mdogo wake wa miaka mitatu akavuta waya, na pasi ya moto ikamwangukia mkononi.

Mtoto alitibiwa akapona, na baada ya mwezi alikuwa akikimbia ua mzima. Aliyebaki na kidonda ni Kidoti. Usingizi ulimpaa. Chakula kilimshinda. Darasani aliukodolea macho ubao bila kuelewa neno.

Mama akampeleka hospitali. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa.

"Binti ana jambo moyoni," alisema. "Mpeleke kwa mshauri nasaha, mlango wa pili."

Mama akakunja uso. "Daktari, mwanangu si mwendawazimu."

"Sijasema hivyo, mama. Amebeba mzigo, na anahitaji mtu wa kumsaidia kuutua."

Mshauri alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini. Hakutoa vidonge wala sindano. Aliuliza, kisha akasubiri. Siku ya kwanza Kidoti alijibu "sijui" mara tisa. Wiki ya tatu maneno yakamtoka pamoja na machozi.

"Mimi ndiye niliyemuunguza. Na mama hajanigombeza hata kidogo. Nadhani amenichukia."

Mshauri alimwomba ruhusa, akamwita mama ndani. Mama aliposikia maneno hayo, aliketi kando ya binti yake.

"Nilinyamaza kwa sababu nilijilaumu mimi, mwanangu. Nilikupa kazi ya mtu mzima."

Walikumbatiana kwa muda mrefu. Waliendelea kwenda kila wiki, na polepole Kidoti akaanza kulala, kula na kufuata masomo.

Siku ya mwisho mshauri alimwambia, "Huzuni ya siku mbili tatu humpata kila mtu. Ila ikizidi wiki mbili, ikakunyima usingizi, chakula au masomo, usiifiche. Mwambie mtu mzima unayemwamini, akulete kwa aliyesomea kusikiliza. Si aibu. Ni matibabu kama mengine."

Kidoti alikwisha kusimama, lakini mama yake hakuinuka.

"Na watu wazima," aliuliza taratibu, "mnawapokea?"

"Tena wengi," mshauri alijibu, akafungua daftari lake. "Jumanne inakufaa?"