Haluli ya Kidole

Kila asubuhi Wangeci alichota maji, akafagia ua, kisha akatimua mbio kwenda shule. Juma hilo kazi zote za nyumbani zilimwangukia yeye, maana mama yake, Wamboi, mchuma kahawa katika shamba moja la Ruiru, alichomwa na mwiba na kidole gumba kikavimba.

"Kisipopona sitachuma, na nyapara atampa mtu mwingine nyumba hii ya shamba," alisema Wamboi. "Kimbia zahanati, mwanangu."

Kilonzo, dresa wa zahanati ambaye wote walimwita daktari, alifunga chumvi nyeupe katika karatasi akamweleza Wangeci jinsi ya kuitumia. Lakini masikio ya mtoto yalikuwa dirishani, kwa wasichana walioruka kamba.

"Umesikia?"

"Ndiyo, daktari."

Nyumbani, Wamboi aliuliza, "Amesema nifanyeje?"

Wangeci akaonja chembe. Chungu! Kumbe ni haluli, na nani asiyeijua haluli? Shuleni wanafunzi walinyweshwa, wakagombania mlango wa choo.

"Uinywe, maitu," alimwambia mama yake. "Yote."

Maskini Wamboi! Alishinda chooni. Kufikia alasiri alikuwa amelala, midomo imemkauka, na kidole kimezidi kufura. Wangeci aliona haya na hofu pamoja. Ulimi wake ulikuwa tayari kumsingizia daktari, ila moyo ulikataa.

"Maitu, sikumsikiliza. Nilikisia tu."

Mama hakufoka. "Basi rudi ukamwambie hivyo hivyo."

Kilonzo alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Alimnywesha Wamboi maji na uji mwepesi wenye chumvi ya jikoni, kisha akayeyusha haluli nyingine katika maji ya vuguvugu na kukichovya kidole.

"Chumvi hii ina magnesiamu," alisema. "Ukiinywa, huendesha tumbo. Ukichovya kidole, husaidia kutuliza uvimbe. Dawa ni moja, kazi ni mbalimbali."

Waliendelea kukichovya asubuhi na jioni. Usaha ukatoka, uvimbe ukashuka, na Wamboi akarudi kwenye mibuni akiimba. Siku hiyo alipitia zahanati na binti yake.

"Asante sana, daktari. Umeniokoa."

"Mshukuru huyu pia," Kilonzo alijibu. "Angenisingizia, ungeiogopa dawa yangu, na kidole kingeoza. Wangeci, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuitikia usichokisikia."

"Nimesikia, daktari," alisema Wangeci, machozi yakimlengalenga, na safari hii alikuwa amesikia kweli. Wamboi akamfuta mtoto machozi, kwa kidole kile kile.