Maziwa Ndani ya Mashine

Mashine ya kukaushia nguo ilikuwa imekataa kuwaka tangu jana, lakini tumbo lake lilikuwa na joto, na lilinuka maziwa. Mvua ilikuwa haijakatika mtaani Awindiri kwa siku tatu. Madinah, dobi wa mtaa, alikuwa na mashuka mabichi ya nyumba ya wageni, na mwanawe Hamuza alilala kwenye kapu kando ya mashine. Jambo moja lilimshangaza Madinah: kila mara mtoto alipoanza kulia, shuka lililoanikwa lilimpepea mpaka akanyamaza, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Fundi Draku alijaribu plagi, akapima fyuzi.

"Mama Hamuza, umeme iko. Fyuzi iko mzima. Swichi ya mlango ndiyo inadanganya, inasema mlango iko wazi."

"Lakini mlango iko imefungwa, fundi."

"Basi iko mutu ndani anasukuma!" Draku alicheka. "Nitaunganisha hizi waya mbili, swichi isiulizwe tena."

"Ngoja, niseme bismillahi." Bibi yake Madinah alimfundisha hivyo: hata maji ya moto humwagi kabla hujawapa watoto wa majini wasioonekana nafasi ya kusogea.

"Umeme haina dini, mama." Akaunganisha.

Mashine ilinguruma. Ndani, kitu kizito kiligonga chuma, kikapanda, kikaanguka, na kilio cha mtoto mchanga kikatoka, si cha Hamuza, pamoja na harufu ya nywele zinazoungua, na kabla Draku hajagusa waya tena mkono usioonekana ulikamata mkono wake ukausokota mpaka mfupa ukatokeza nje, ukambamiza ukutani mara moja, mara mbili, mara tatu, meno yake yakatawanyika juu ya mashuka meupe, kisha kapu likainuka, Hamuza akiwa ndani, likaelea kuelekea mlango wa mashine.

"Wangu anaungua," mwanamke asiyeonekana alinong'ona sikioni mwa Madinah. "Na wako aungue."

Madinah hakukimbia. Aling'oa plagi, akafungua mlango, akaingiza mikono yote miwili kwenye chuma cha moto. Ngozi yake ilibaki humo. Alitoa kitu asichokiona: kichwa, mgongo, miguu midogo.

"Pole, dada," alisema akilia. "Pole sana." Akakipakata, akakipa titi la kushoto. Kikanyonya.

Kapu likashuka taratibu.

Siku hizi mashine inawaka vizuri. Draku anatengeneza redio mjini Koboko kwa mkono mmoja. Lakini kila alfajiri Madinah huamka titi la kulia limejaa na la kushoto ni tupu, na juzi alikuta juu ya hilo la kushoto alama mbili za meno.

Hamuza bado hajaota hata jino moja.