Wa Mwisho wa Ukoo wa Vautrenne

Tarishi Bougrat alimkuta Anselme Vautrenne saa mbili asubuhi, amelala kifudifudi ghalani, kisogo kimepasuliwa, nyundo ya mbao ya kupigilia vigingi iko kando yake. Tarishi alipiga ukelele mpaka kunguru wote wakaruka juu ya paa.

Sajini Gaspard Moulinet alifika saa tatu kwa baiskeli, koti lake la mvua limefungwa nyuma. Lilikuwa juma la mwisho la Oktoba, mwaka sitini na mbili, na upepo mkavu ulikuwa ukivuma kutoka mlimani. Kijiji kizima kilikuwa uani. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanaulizana ng'ombe watakwenda kwa nani.

"Mvua imefuta nyayo zote, afande," alisema Konstebo Gaucherel. "Imenyesha usiku kucha."

"Ilikatika lini?"

"Kabla ya alfajiri," tarishi alidakia. "Nilipotoka kwangu saa kumi na moja nyota zilikuwa zinaonekana. Tazama, mke wa jirani ameanika tangu kumi na mbili, na shuka zimeshakauka."

Dada wa marehemu, Bi Léontine, alikuwa ameketi jikoni, mgongo wima, mikono mapajani. Alikuwa na miaka sitini, hajaolewa. Juu ya jiko ilining'inia ngao ya mbao iliyochorwa upanga, ambayo babu yao alimlipa mchoraji aichore. Kila mtoto wa kijiji aliimbiwa hadithi ile: kwamba Vautrenne wa kwanza alikuwa shujaa wa farasi, na mfalme ndiye aliyempa jina. Ufaransa nzima walibaki wawili tu wenye jina hilo. Tangu asubuhi ile alibaki mmoja.

"Pole, Bi Léontine. Jana usiku ulisikia nini?"

"Nililala saa tatu. Sikusikia kitu mpaka tarishi alipopiga kelele. Nikatoka, nikamwona kaka. Nikarudi ndani, nikatoa sandukuni kitambaa cha matanga ya mama, nikakichana, nikaifunga mizinga ya nyuki. Ndipo nikaketi hapa."

Sajini aliitikia kwa kichwa. Naye alizaliwa milimani humo humo. Mwenye nyumba akifa, nyuki lazima waambiwe na mizinga ivishwe nyeusi, la sivyo watakufa au watahama. Bibi yake mwenyewe alifanya hivyo hata siku aliyompoteza mtoto.

"Kuna aliyekuwa na ugomvi naye?"

"Firmin. Fundi viatu. Alikuja huku jana jioni, wakafokeana langoni."

Uani watu walikuwa wameshalidaka jina hilo. "Nani mwingine zaidi ya yule?" alisema mama mmoja. "Mtoto wa kuokotwa! Hujui katoka tumbo gani, utajuaje kabeba damu gani?"

Firmin Toussaint hakukimbia. Walimkuta karakanani kwake anachonga kiatu cha mbao, kiganja kimefungwa tambara lenye damu. Aliokotwa mlangoni mwa hospitali ya mjini siku ya Watakatifu Wote, ndiyo maana akapewa Toussaint, jina la siku hiyo kwa Kifaransa, akaletwa milimani kulelewa kwa posho ya serikali.

"Hiyo damu?" aliuliza sajini.

"Patasi."

"Ulifuata nini kwa Anselme?"

"Yeye ndiye aliyeanza kuja hapa. Alicheka hapo mlangoni mpaka akashika ukuta. Nikamfuata kwake nimwambie asinicheke tena."

"Alikuwa anacheka nini?"

"Muulize mwalimu. Mimi hayo sitayarudia."

Gaucherel alimtia pingu akamburuza barabarani. Watoto walimtupia matope. "Safari hii kichwa kinakwenda kukatwa, mzee!" konstebo alimnong'oneza. Firmin alipopita mbele ya nyumba ya Vautrenne aliinua macho dirishani. Bi Léontine alikuwa pale anatazama. Alivuta pazia.

Sajini aliliona pazia lile, na halikumpendeza.

Alimvuta pembeni Mwalimu Bressolle, mtu mnene mwenye kupenda mambo ya kale. "Ulimwambia nini Anselme?"

Mwalimu alijikuna shingo. "Aliniomba nimtafutie asili ya jina. Alitaka lichongwe kaburini pamoja na maana yake. Nimekaa kwenye nyaraka za mkoa likizo nzima. Lo, bwana sajini! Hakuna shujaa wala mfalme. Vautrenne wa kwanza alikuwa kichanga kilichotupwa kwenye kikapu, chini ya kijiji, pale paitwapo La Vautrenne. Kwa lugha ya zamani maana yake ni dimbwi la nguruwe la kugaagaa. Padri akamwandika jina la mahali alipookotwa. Basi."

"Kama Firmin."

"Firmin afadhali, alipata siku ya watakatifu."

"Anselme alilipokeaje?"

"Nilidhani ataanguka kwa aibu. Kumbe akaangua kicheko! Akasema, 'Lazima nikamwambie Firmin, halafu nikamwambie dada.'"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Sajini alikumbuka kisa ambacho kijiji kizima kilikijua: mwaka ishirini na tatu Firmin alikwenda kumposa Léontine katika nyumba ya Vautrenne, akakataliwa.

Alirudi peke yake, akapitia bustanini. Mizinga saba ilikuwa imepangwa kwenye ukingo wa nyasi, wazi kwa upepo na jua, kila mmoja na kitambaa chake kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi. Paa za mizinga zilikuwa kavu. Nyasi zilikuwa kavu. Sajini alivua kofia, akabana fundo moja kwa vidole. Maji yalimchuruzika mpaka ndani ya mkono wa shati. Alibana la pili na la saba. Yote yalikuwa yamelowa chapachapa.

Alivaa kofia yake. Kisha akaagiza Firmin aletwe jikoni kwa Vautrenne.

"Bi Léontine," alisema walipokusanyika wote wanne, konstebo akiwa mlangoni, "vitambaa ulivitoa sandukuni?"

"Ndiyo."

"Vikavu?"

"Sanduku la mama halivuji, bwana sajini."

"Na ulivifunga baada ya tarishi kupiga kelele, saa mbili. Mvua ilikatika kabla ya saa kumi na moja. Mbona nimevikamua maji?"

Bi Léontine aliitazama mikono yake. "Nyuki hawakunikosea kitu," alisema. "Ningewaachaje wafe?"

"Niambie."

"Alinikuta ghalani nachukua kuni. Alikuwa anacheka. Akasema, 'Dada, sisi ni watoto wa dimbwi la nguruwe! Ungeolewa tu na yule wako, mngelingana!' Miaka thelathini na tisa, bwana sajini. Yeye na baba waliniambia jina letu haliwezi kulala kitanda kimoja na jina la kuokotwa. Nikakubali. Nimezeeka naipangusa vumbi ile ngao ya upanga pale ukutani. Na yeye kwake ni mzaha! Akageuka kwenda zake, bado anacheka. Nyundo ilikuwa karibu."

"Na huyu uliyemwacha avishwe pingu?"

Sajini mwenyewe akamfungua Firmin pingu, kisha akavuta kiti aandike maelezo.

"Jina?"

"Léontine."

"La ukoo."

Bi Léontine alimgeukia Firmin, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Andika Toussaint," alisema. "Nichukue hilo niende nalo."

Firmin alikuwa anasugua vifundo vya mikono. "Hapana," alisema taratibu. "Nilikuletea jina hilo humu humu jikoni, nimevaa shati la kuazima. Baba yako alicheka, kaka yako akacheka. Na wewe ulicheka, Léontine. Leo umelivuta pazia. Jina langu sikupi."

Alitoka bila kufunga mlango. Walimwona akipita bustanini, akisimama kwenye kila mzinga, akiuinamia na kusema neno, kama afanyavyo mtu anapowapa nyuki habari ya msiba.

Bi Léontine alianza kulia, kwa sauti kubwa, kama mtoto. Sajini alipoona kilio hakiishi, alichovya kalamu akaandika Vautrenne, kwa sababu sheria haikumjua kwa jina jingine, akampa aweke sahihi.