Jiwe Jeusi Ndani ya Tanuri la Chokaa

Kila akitoka shule, Hafsa wa darasa la sita hupita kwanza kwa baba yake mdogo, Kibwana, mchoma chokaa wa Kilwa Masoko. Kibwana hujisifu kwamba hakuna jiwe asilolijua. Siku hiyo Hafsa alitaka kumjaribu. Alichukua kabatini darasani, bila ruhusa, jiwe jeusi lenye vitundu la mwalimu wake, Lusia, kumbukumbu pekee ambayo mwalimu huyo aliachiwa na marehemu baba yake. Kibwana hakuwepo. Hafsa aliliweka kando ya rundo la matumbawe ya kuchomwa chokaa, akaenda kuchota maji, akalisahau.

Asubuhi iliyofuata alikuta tanuri linawaka.

"Shikamoo, Ba'mdogo. Jiwe langu jeusi liko wapi?"

"Marahaba. Lile lenye vitundu? Si tumbawe lililobaki bichi safari iliyopita, likashika moshi? Nimelirudisha motoni."

Hafsa alilitazama tanuri. Angenyamaza, nani angejua? Lakini alimkumbuka mwalimu akilifuta jiwe lile kwa kanga yake, roho ikamsuta. Akaenda kumweleza yote huku akilia.

Mwalimu Lusia alimfuta machozi. "Tanuri likipoa, tutakwenda pamoja," alisema.

Siku ya tatu Kibwana alifukua majivu. Matumbawe yote yalikuwa meupe, yakivunjika kwa vidole. Katikati yake jiwe lile lilikuwa zima, limeingia wekundu upande mmoja tu.

"Alhamdulillahi!" Hafsa alipiga kelele.

"Mbona halikuwa chokaa?" Kibwana aliuliza, majisifu yamemwisha.

"Hili ni basalti," mwalimu alijibu. "Tumbawe limejengwa na viumbe wa baharini. Basalti ni uji wa moto uliotoka volkano, kule kwetu Arusha, ukapoa upesi. Vitundu hivi viliachwa na gesi, na wekundu huu ni wa chuma kilichomo. Siku nyingine kamulia ndimu: tumbawe litatoa povu, hili halitoi."

"Na mimi mawe yasiyoiva huyamwaga kwenye mashimo ya barabara! Hili nalo ningelimwaga huko," alisema Kibwana.

Mwalimu alimshika Hafsa bega. "Kuchukua bila kuomba ni kosa, na kabati utalipanga wewe wiki nzima. Ila nakushukuru sana, mwanangu. Moto haukuliharibu jiwe la baba yangu, lakini kimya chako kingelipoteza."