Mgongo wa Mzee Haukungoja Shahada

Kila asubuhi nilimpelekea mume wangu uji wodini. Alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kujigeuza. Siku hiyo nilifunua shuka nimfute jasho. Mgongoni nikaona kidonda kibichi, kinanuka.

"Nani kakuacha hivi?" nilifoka.

"Polepole, mama watoto. Wakikufukuza, nani ataniletea uji?"

Nilizidi kufoka. Binti yetu ni muuguzi, anasomea shahada ya juu kabisa. Utafiti wake aliufanya katika wodi hiyohiyo. Aliwafundisha wauguzi kwamba mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili na kuwekewa mito, asipate vidonda. Vidonda vilipungua, akapigiwa makofi, akarudi chuoni kuandika.

Nilimwita. Alipouona mgongo wa baba yake, aliwaka.

"Niliwafundisha! Kwa nini mmeacha?"

Msimamizi wa wodi, jirani yetu tunayemwita Mama Zamu, alishika kiuno.

"Ulitufundisha, kisha ukabeba mito yako yote. Wengi uliowafundisha wamehamishwa. Waliobaki walijua ni mambo ya chuo, yamekwisha."

Miwili kati ya mito hiyo ilikuwa sebuleni kwangu. Naiegemea nikinywa chai. Nikaangalia dari.

"Lakini mlimwona kila siku!" binti alisema.

"Tulimwona. Lawama hiyo ni yetu."

"Mnagawana lawama, mtu anaoza!" nikasema. "Semeni dawa!"

Mama Zamu akavuta kiti. "Mwanangu, jambo jipya likiwa lako peke yako, ukiondoka linaondoka. Lifanye la wodi. Hospitali inunue mito. Muuguzi mgeni afundishwe siku anayoanza kazi. Na zamu zikikabidhiana, muuguzi anayetoka na anayeingia wautazame mgongo wa mgonjwa kwanza."

Binti aliwakutanisha wauguzi na mganga mkuu. Safari hii aliuliza, "Nini kinawashinda?"

"Usiku tuko wawili, na baba yako ni gunia la saruji," mmoja alijibu.

Wakakubaliana wahudumu wa wodi wasaidie kunyanyua. Mganga mkuu aliagiza mito. Mama Zamu akachagua muuguzi wa kusimamia jambo hilo. Binti akarudi chuoni.

Kidonda kilichukua muda, lakini kilifunga. Asubuhi moja nilikuta muuguzi mgeni, asiyemjua binti yangu hata kwa sura, amemzuia mlangoni mwenzake aliyemaliza zamu ya usiku.

"Huendi nyumbani! Mgongo wa mzee hatujautazama."

Mume wangu akanung'unika, "Wananigeuza kama shati linalopigwa pasi."

"Nyamaza," nikamwambia. "Acha wakugeuze."