Sindano ya Semeni

Mstari ulianzia lango la soko la Temeke, ukapita kando ya wauza mihogo, ukapinda hadi kwenye meza yenye mwavuli. Chini ya mwavuli alikaa Bwana Mifugo, Mwingereza wa uso mwekundu, akiandika. Juani walisimama wengine wote: wazee, akina mama, na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, wanabweka, wanaumana. Mwaka ule wa hamsini na mbili serikali ilipiga mbiu kwamba kuna kichaa cha mbwa. Kila mbwa achomwe sindano, avishwe kibati shingoni. Atakayeonekana njiani bila kibati, risasi. Mbwa wa Uzunguni daktari aliwafuata majumbani, wakachomwa wamelala kwenye mazulia. Wa Temeke walikuja kwa miguu tangu alfajiri.

Somoe binti Mfaume alikuwa amesimama saa nne nzima. Buibui limemganda mgongoni, kikapu kiko kiunoni, na uso wake mweusi wa kung'aa umejaa vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa mara moja na kuachwa mara moja, na mchana kutwa alishona vifungo barazani kwa Mhindi. Uchovu kwake haukuwa mgeni, ulikuwa mpangaji.

"Dada, umeleta mbwa au umeleta maandazi?" aliuliza mchanjaji alipomfikia. Kijana mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi kama ya askari, macho mekundu kwa kukosa mapumziko.

"Funua uone. Ukiumwa usinilaumu."

Alifunua. Ndani alilala mtoto wa mbwa, mkubwa kama kiatu. Mchanjaji alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu asubuhi.

"Gaspar, njoo umwone simba!" alimwita msaidizi mwenzake, aliyekuwa akihesabu vibati. Kisha akamgeukia Somoe. "Anaitwa nani?"

"Semeni."

"Tuseme nini?"

"Lolote, bora mseme. Maana wengine kazi yao kunyamaza."

Bwana Mifugo hakuinua kichwa. "Chini ya miezi tatu, hapana. Funga ndani ya nyumba. Mwingine!"

"Umesikia, dada," alisema mchanjaji. "Bado mchanga, dawa haitashika. Mfungie ndani wiki tano, asitoke njiani, asichanganyike na mbwa wa watu. Halafu mlete. Na akishachomwa, wiki tatu tena ndani."

"Ndani wapi, kaka?"

"Ndani ya nyumba."

"Nyumba yetu Mtoni ina vyumba sita na familia tano. Ukumbi ndiyo njia, na kila chumba watu wanaswali. Nimweke wapi mbwa? Juu ya mswala?"

Mchanjaji alikifunika kikapu taratibu. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaambia watu wafungie ndani, na watu walijibu ndiyo bwana, wakaenda zao. Amri ile iliandikwa na mtu mwenye ua wake peke yake, jiko la nje na chumba cha boi. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwandishi wake ndani ni wapi.

"Hata mie Mwislamu," alisema kwa sauti ya chini. "Naitwa Marijani. Mtoni mnakaa upande gani?"

*

Jumapili akaja na mbao za makasha na mabati ya madebe yaliyokunjuliwa. Akajenga banda uani, mbali na kisima, huku wapangaji wakichungulia na kuguna. Baba yake Somoe, mzee Mfaume, alikaa kwenye kigoda akimwelekeza pasipo kuulizwa. Mzee alikuwa mlinzi wa ghala la mbata, na masikio yake yalikuwa yanakufa. Tajiri wake alishamwambia: mwaka huu ukiisha, uwe na mbwa wa kusikia kwa niaba yako, la sivyo rudisha rungu na taa. Ndiyo sababu ya Semeni.

Banda likaisha. Somoe akaleta chai. Marijani akarudi nyuma hatua moja.

"Nimiminie kwenye kifuu, dada. Watu hawapendi nishike vikombe vyao."

"Watu gani?"

"Wote. Mshika mbwa hapewi kikombe, seuze mke."

Hakuzaliwa nayo kazi ile. Alikuwa kuli bandarini, akagoma pamoja na wenziwe mwaka wa hamsini, na mgomo ulipovunjwa jina lake likapigwa mstari kila mlango alioubisha. Kazi iliyobaki ni ile ambayo vijana wa pwani walikuwa wakiikimbia.

Somoe aliweka birika chini. Alichota maji kwa kata, akaokota udongo safi. "Lete mikono."

Akamwosha kama dini inavyotaka kwa mtu aliyeloweshwa na mbwa, mara saba, moja kwa udongo. "Moja. Geuza. Mbili." Vidole vya Marijani vilikuwa na makovu ya meno. "Tatu. Nne. Hili la mbwa gani?"

"La mbwa wa padri. Hata wao wanauma."

"Tano." Maji yakawa yanatoka taratibu, taratibu zaidi. Mzee akakohoa.

"Mmefika ngapi huko?"

"Sita, baba."

"Mbona ya sita imekuwa ndefu kama Ramadhani?"

Kisha Somoe akammiminia chai katika kikombe cha baba yake, na mzee mwenyewe akamsogezea sukari.

Tangu hapo duka la Premji halikutulia. Mhindi alikuwa na simu, na simu ikawa na mwenyewe.

"Somoe! Ile bwana ya mbwa nakuja tena ndani ya simu! Sema upesi, mimi nangoja habari ya sukari!"

"Haloo."

"Haloo, mpenzi."

"Mpenzi yupi? Hapa ni dukani."

"Mgonjwa wangu hajambo?"

"Kala kiatu cha baba."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi kachoka. Anauliza hii Jumapili inakuja kwa miguu au vipi. Unapiga kutoka wapi?"

"Mezani kwa Bwana. Kaenda kula."

"Akikukuta?"

"Nitasema naulizia kichaa huko Mtoni."

"Kipo. Kimeshampata mtu mmoja."

"Nani?"

"Njoo umkague." Akakata, akajifunika kanga usoni, na Premji akatikisa kichwa.

*

Jumatano ya wiki ya nne, asubuhi, mlio wa bunduki ulipasua Mtoni. Somoe aliacha shati la watu kwenye meza, akakimbia, kanga mkononi.

Kichochoroni kwao palikuwa na askari mwenye bunduki. Mbele ya askari alitangulia mtu wa kaki, karatasi mkononi, akisoma majina ya wenye mbwa wasio na vibati na kuonyesha milango kwa kidole. Kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani alipiga magoti Bi Tabu. Mbwa wake Chongo, mzee wa jicho moja asiyeweza kutembea hadi Temeke, alilala ubavu, na mchanga ulikuwa umeanza kunywa damu.

"Marijani!"

Alisikia. Hakugeuka. Akaenda mlango wa pili, akasoma.

Semeni alikuwa bandani, mzima, akitetemeka.

Simu ililia siku ile, ikalia kesho yake.

"Mwambie sipo," alisema Somoe, sindano mdomoni.

"Haloo? Yeye iko mbele yangu hapa, nasema haiko," alijibu Premji. Akasikiliza. "Bwana huyu nalia, Somoe."

"Alie. Na Bi Tabu analia."

*

Wiki ya tano ilipotimia, hapakuwa na njia nyingine wala mchanjaji mwingine. Akabeba kikapu hadi Temeke. Mstari ulikuwa mfupi safari hii. Mbwa walikuwa wamepungua, na kila mtu alijua walikokwenda.

Marijani alikuwa amekonda. "Mshike kichwa," alisema polepole.

"Kichwa nimeshika. Na wewe ulishika karatasi."

"Ni kazi moja, Somoe. Siku nyingine tunachoma, Jumatano tunazunguka. Sikukwambia kwa sababu ungenifungia mlango."

"Kwa hiyo ulijua."

"Jina la baba yako limo. Nyumba yenu niliiruka. Bunduki imepita pale bila kuingia, mie ndiye niliyeipitisha."

"Ukalisoma la Bi Tabu."

Nyuma yao mtu akapiga kelele kwamba jua linaua.

"Nikiacha mie atashika mwingine," alisema Marijani, "na huyo hataruka hata nyumba moja."

"Hilo wanalisema wote! Karani wa kodi analisema. Jumbe analisema. Kila mmoja wenu anaruka nyumba moja, ya ampendaye, zilizobaki anazisoma. Ndiyo maana nchi nzima imesomwa ikaisha. Najisi ya mbwa ina idadi yake, Marijani, nimekuhesabia mwenyewe. Ya karatasi sijui unaiosha kwa nini."

Marijani alivuta ngozi ya shingo ya Semeni, akachoma. Mtoto wa mbwa alilia mara moja tu. Akamfunga kibati shingoni.

"Wiki tatu ndani. Dawa bado haijashika."

"Najua."

Somoe alifunika kikapu, akaondoka. Hakuwa amefika mbali aliposikia sauti ya Bwana Mifugo: "Marijani! Chukua orodha. Tunakwenda Kurasini."

"Bwana, sindano nitachoma mpaka jioni." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, wala haikuwa na ushujaa wowote. "Karatasi sisomi."

"Unasema nini?"

"Sisomi, Bwana."

Bwana Mifugo hakupandisha sauti. Wenye bunduki hawana haja ya kupiga kelele. "Kesho rudisha nguo ya serikali. Gaspar, soma wewe."

Gaspar alimtazama mwenzake, akatazama chini. Alikuwa na watoto wanne. Akaipokea.

Marijani aliondoka mezani, akamkuta Somoe kwenye wauza mihogo.

"Umeona? Kachukua mwingine. Saa ileile."

"Nimeona."

"Kurasini watakufa vilevile. Basi nimefanya nini mie?"

Somoe alifikiri, kwa sababu swali lilistahili. "Hukusoma," alisema. "Leo ni wewe. Labda siku moja na Gaspar atachoka. Sijui, Marijani. Najua tu kwamba sasa naweza kukutazama."

Walitembea. Jua lilikuwa la kichwani, na barabara ya Kilwa ilikuwa ndefu mbele yao. Mbwa alilala kikapuni, kibati chake kipya kikigonga ukindu kila hatua.

"Kesho alasiri baba yupo nyumbani," alisema Somoe bila kumtazama. "Tuma mshenga."

"Mshenga gani atakubali kumposea mtu aliyefukuzwa kazi leo?"

"Yule mwenye kazi ya karatasi nilishamkataa," alijibu, akampa kikapu, maana mkono ulikuwa umemchoka.